Kofia Kumi na Nane Nyeupe

Jumatatu, 12 Februari 1996

Naandika nyuma ya daftari langu la vipimo vya vichwa, kwa kuwa sina daftari jingine na sina mtu wa kumwambia. Mbele kuna vichwa vya wanawake wa kanisa letu la Mlima Pisga, miaka thelathini ya vichwa, inchi kwa inchi. Nyuma kulikuwa kweupe mpaka leo.

Leo alikuja Bi Marguerite Lyle, mtunza nyaraka wa chuo kikuu. Ni binti yetu mweusi, mpole, wa miaka thelathini na kitu. Alivua viatu vya theluji mlangoni bila kuambiwa. Ana penseli tu, kalamu ya wino haishiki karibu na karatasi za watu. Chuo kinataka karatasi za dada yangu Ruby: barua, mabango ya mikutano ya mashairi, na matoleo ya Nyundo, lile jarida yeye na washairi wenzake walilolichapa wenyewe zamani zile wakiwa na nywele kubwa na hasira kubwa zaidi. Nyundo ni neno la Kiswahili. Walilitoa kwenye kamusi, na hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa mbali kuliko Mississippi. Dada yangu naye alijipa jina la Kiafrika, Ayodele, na watu wa vitabu wanamjua kwa hilo. Mimi ni mdogo wake kwa miaka sita na sijawahi kulitamka. Kwangu ni Ruby Jean, kama alivyobatizwa.

Ruby anaishi nami tangu sukari ilipomnyang'anya macho. Anaona vivuli tu. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha la mbele.

Bi Lyle akasema, "Dada Ayodele ameniambia alikuachia maboksi mawili mwaka sabini na nne, alipohamia Atlanta. Hili la kwanza tumeliona. Na lile la pili, lenye shairi la Bwana Peake?"

Lucius Peake alikuwa mtu wake Ruby. Hawakufunga ndoa kanisani. Alikuwa karani kwenye yadi za machinjio, akafa kwa homa ya mapafu mwaka wa sabini akiwa na miaka thelathini na miwili. Aliacha shairi moja refu, kurasa kumi na tisa kwa mkono wake, liitwalo Chumvi ya Machinjioni. Halikuwahi kuchapwa. Nakala nyingine hakuna.

Nikasema, "Maji yaliingia chumba cha chini. Lile boksi liliharibika lote."

Nilisema hivyo nimeshika sinia ya chai, chini ya picha ya Mama.

Ruby aligeuza uso kutoka dirishani. Kisha akasema "Maji," polepole, kama mtu anayeonja mchuzi asiouamini.

Bi Lyle atarudi kuchukua kila kitu Jumatatu baada ya Pasaka, tarehe nane Aprili.

Jumatano, 14 Februari

Theluji. Nimepika maharage. Sikuomba vizuri.

Ijumaa, 16 Februari

Bwana, unajua ninachotaka kuandika, kwa hiyo nitaandika haraka.

Boksi la pili halikuingia maji. Mwaka sabini na tisa, wakati wa ile theluji kubwa iliyofunga maduka, nilikuwa nashona kofia kumi na nane nyeupe za Baraza la Akina Mama kwa sherehe ya kanisa kutimiza miaka sitini. Kofia ya sufu ikikaa kabatini bila kitu ndani, utosi wake hubonyea. Kwa hiyo ndani ya utosi wa kila kofia nilishona kijimto cha kitambaa chepesi, nikakijaza karatasi. Karatasi laini iliisha. Nikashuka chini nikafungua boksi la Ruby. Nilirarua matoleo ya Nyundo nikayakunjakunja, na katikati ya kila kijimto nikatia ukurasa mmoja wa Lucius.

Hivyo shairi lote limekuwa vichwani mwa wazee wetu miaka kumi na saba, au kabatini kwao kwenye maboksi ya kofia. Hakuna anayejua ila mimi.

Majina kumi na nane yako humu humu daftarini, mbele, chini ya "Machi 1979". La kwanza ni la Mama. Alifariki mwaka themanini na tano, na kofia yake iko juu ya kabati langu. Leo mchana, Ruby akisikiliza redio, niliishusha nikakata uzi wa kijimto. Ndani nimekuta stakabadhi ya njano ya kupokelea ng'ombe getini. Lucius alikuwa akiandika nyuma ya hizo. Pembeni ameandika 12. Imejikunja duara kama kibakuli.

Sikutaka kuisoma. Nimesoma. Inasema juu ya wanaume wanaonawa mikono kwa limau mlangoni kabla ya kuwagusa watoto wao. Baba, naye wa machinjioni, alifanya hivyo. Kibakuli cha limau kilikaa kwenye ngazi za nyuma mpaka alipokufa. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu yeyote.

Jumapili, 18 Februari

Nimepata njia, nayo ni ya uongo, Bwana nisamehe. Pasaka hii Baraza linavaa kofia mpya za rangi ya urujuani, nazo nashona mimi. Nyeupe za zamani Mama Goode ameamuru zipelekwe kwa wahitaji Jumamosi Kuu. Baada ya ibada nilisimama nikasema: leteni kofia nyeupe kwangu, nichukue umbo, na nizisafishe kwa mvuke bure kabla hazijatolewa.

Dada Clotee Banks akageuka na kiti chake. "Bure? Fundi wa kofia anasema bure? Jamani tengenezeni mambo yenu, Yesu anarudi wiki hii."

Walicheka wote. Nami nikacheka.

Jumanne, 20 Februari

Kofia nne. Kurasa 2, 9, 10, 18. Nimezificha ndani ya Biblia kubwa ya familia, kwenye Zaburi.

Jumamosi, 24 Februari

Leo nimeharibu.

Ukurasa wa 3 ulitoka kwenye kofia ya Dada Clotee umekunjamana vibaya. Nikafanya kama ninavyofanya sufu: nikaupitisha juu ya birika linalochemka ili ulainike. Kumbe Lucius alitumia ile penseli ya wino ya makarani, ambayo ikilowa hugeuka zambarau. Maneno yakaanza kuvimba mbele ya macho yangu. Mistari mitano ya juu imekuwa wingu. Nilipuliza, nikapepea kwa taulo, nikalia. Miaka kumi na saba ndani ya kofia haikulidhuru neno hata moja, nami kwa dakika moja ya kutengeneza nimefuta mistari mitano.

Ruby akaita kutoka chumba cha mbele, "Vella, unapika nini kisicho na harufu?"

"Nasafisha kofia."

"Kofia za watakatifu zinachafuka?"

"Zinachafuka sana," nikasema.

Ijumaa, 1 Machi

Kurasa tisa sasa. Wa saba hautapatikana. Najua kwa nini, nitaandika siku nyingine.

Jumapili, 3 Machi

Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya Baraza kuvaa nyeupe. Mama Philander Goode, mwenyekiti wa Baraza, ana miaka themanini na minne na hajanipa kofia yake. Nilimfuata chumba cha akina mama. Alikuwa ameivua, ameipakata kama paka.

"Arvella, ulichoshona humu ndani ni nini? Kinachakarisha kama panya kwenye gazeti."

"Ni kijimto cha kushika umbo, Mama Goode. Nitakuwekea kipya."

"Kipya sitaki. Hiki kimenizoea. Sijawahi kukitoa, kama ulivyotufundisha. Kichwa ni kile kile, akili ni zile zile."

Dada Clotee akadakia, "Akili gani, Mama? Jumapili iliyopita ulimwita Mchungaji kwa jina la marehemu mumeo."

"Nilimwita hivyo kwa sababu naye hasikii anapoambiwa."

Akanipa hatimaye, lakini akanishika kidole. "Wewe mtoto wa Estelle, una jambo. Huimbi siku hizi, unafungua mdomo tu."

Nikasema ni koo. Kofia yake ilikuwa na ukurasa wa 1. Wenye jina la shairi, na chini yake: kwa Ayodele, na kwa mama yake aliyenilisha.

Jumatano, 6 Machi

Upepo umevunja tawi la jirani. Ruby ana homa kidogo. Nimemsomea Zaburi kutoka ile Biblia kubwa, na nilipofungua karatasi zikachakarisha. Akageuza uso. Hakuuliza.

Jumamosi, 9 Machi

Nilichoandika tarehe kumi na sita ya mwezi uliopita si kweli. Nimejaribu kukiacha hivyo. Siwezi kuomba juu yake.

Karatasi laini haikuisha. Nilikuwa na mafungu mawili rafuni, yamefungwa bado.

Nilishuka kwenye boksi kwa sababu nilikuwa na hasira. Ruby alikuwa ametupigia simu kutoka Atlanta Krismasi iliyotangulia, na Mama aliongea naye saa nzima akicheka kama msichana, na mimi niliyebaki, niliyempeleka kanisani kila Jumapili na kumchua magoti, nilisimama jikoni nikiosha sufuria. Nikashuka kuona hicho kinachopendwa hivyo. Nikafungua boksi nikasoma ukurasa mmoja tu, wa saba. Ulinisema mimi. Ulitusema sisi wa kofia.

Basi nikafanya kwa makusudi. Kila kofia ukurasa wake, kila ukurasa kichwa chake, ili usikutane tena na mwenzake. Nilidhani nina akili. Niliwavisha hao ambao Lucius aliwadhihaki, wakapita mbele ya madhabahu na maneno yake yamekunjwa gizani, na siku ya sherehe kila mtu alisema kofia zangu ni nzuri. Nikashukuru mbele ya watu nikampa Mungu utukufu.

Haya. Limeandikwa.

Alhamisi, 14 Machi

Kurasa kumi na nne. Mama Lovie Strand alihamia Memphis, nimemwandikia.

Jumanne, 19 Machi

Nilikwenda kwa Shemasi Hosea Pruitt. Mkewe Ruthanna alikuwa mmoja wa wale kumi na wanane, alifariki miaka minne iliyopita. Shemasi hajagusa kabati lake. Alinifungulia akiwa na aproni, alikuwa anakaanga kambare.

"Kofia za Ruthanna haziendi popote," akasema kabla sijaketi. "Nilimwambia Philander Goode na nakwambia wewe."

"Siitaki kofia, Shemasi. Nataka kilicho ndani."

"Kilicho ndani ndicho hasa. Ukikitoa hicho, kofia inabonyea. Sasa hivi iko kama kichwa chake. Nikifungua boksi nausalimia utosi wa mke wangu. Unaelewa?"

Nilielewa. Nikainuka kuondoka, nikafika mlangoni, nikarudi. Nilikuwa nimewadanganya wanawake kumi na watatu nikitabasamu. Huyu sikuweza. Nikamwambia yote, nimesimama, na koti langu mwilini. Boksi la dada yangu, ukurasa mmoja mmoja, makusudi.

Samaki akaanza kuungua. Akaenda kuzima jiko, akarudi akifuta mikono.

"Kwa hiyo mke wangu alivaa matusi kichwani miaka kumi na mitatu."

"Si matusi. Ni shairi. La Lucius Peake."

"Yule karani?" Akakaa. "Lucius wa geti la pili? Mungu wangu. Huyo ndiye aliyekuwa ananiandikia barua kwa mama yangu kule Yazoo. Mimi mkono wangu ulijua ndoana ya nyama tu, kalamu haukuijua. Wakati wa chakula, kila mwisho wa mwezi. Hakuwahi kumwambia mtu. Nyie kanisani mlimwita nani?"

Nikashika kifungo cha koti langu.

"Mlimwita mpagani wa Ruby Jean," akasema. "Nami nilikaa benchi la mbele nikanyamaza."

Alileta boksi mwenyewe. Alikata uzi kwa kisu chake cha mfukoni, uzi mmoja mmoja, kama anayemvulia mtu mkufu. Alipoona rangi ya njano akaijua. "Hii ni stakabadhi ya geti letu. Ona, mhuri huu hapa." Akanipa nisome. Ulikuwa ukurasa wa 4. Una mtu anayesimama getini asubuhi ya baridi akihesabu ng'ombe kwa kuimba, kwa sababu tarakimu hakufundishwa lakini wimbo anaujua hadi mwisho.

Shemasi alivua miwani akaitazama tu, kisha akaivaa tena.

"Rudia hapo pa kuimba," akasema.

Nilirudia mara tatu. Kisha nikachukua kitambaa changu cha shingoni, nikakikunja, nikakitia ndani ya kofia ya Ruthanna, nikaukanda utosi kwa mkono mpaka akasema, "Hapo. Hapo ndipo." Aliniwekea vipande viwili vya kambare kwenye karatasi, vilivyoungua, nikavibeba nyumbani kwa miguu.

Kumi na tano.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua na theluji pamoja. Kofia za urujuani zimebaki sita.

Jumanne, 26 Machi

Bahasha kutoka Memphis. Mama Lovie ametuma kijimto chote bila kukifungua, na ujumbe: "Sijui unakitakia nini lakini nilikuwa nakilalia kama mto nikiumwa kichwa." Ukurasa wa 19, wa mwisho. Sijausoma.

Jumapili, 31 Machi

Jumapili ya Matawi. Ukurasa wa 6 kutoka kwa binti ya marehemu Mama Sykes. Sasa ni kumi na saba.

Uliobaki ni wa 15, nao najua uliko. Mama Ozella Trice alizikwa na kofia yake mwaka tisini na moja. Mtengeneza maiti aliniita niitengeneze ikae vizuri. Nilikiona kijimto. Ningeweza kukitoa. Nilikiacha, nikafunga mikono, nikasema amelala vizuri.

Ruby amekuwa akiniuliza vitu vidogo. Leo wakati wa chakula: "Lile boksi Lucius alilifunga kwa kamba ya nyama, ile ya katani. Kamba nayo ilioza na maji?"

"Sikumbuki."

"Wewe? Wewe unakumbuka kichwa cha kila mwanamke wa Upande wa Kusini wa jiji." Akatafuta mkate wa mahindi kwa vidole, akaupata, akanipa mimi nusu. "Kula, mtakatifu. Unakonda."

Zamani nikisikia "mtakatifu" nilikasirika. Leo nilitamani anipige kofi.

Jumanne, 2 Aprili

Nilitaka kumwambia. Nikapiga pasi badala yake.

Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Ibada ya maneno saba msalabani ilianza saa sita mchana. Ruby hakwenda, haendi. Wahubiri saba, kila mmoja neno lake. Wa pili alikuwa kijana, akazungumza juu ya mwizi aliyesema, sisi tunalipwa haki ya matendo yetu. Sikukaa kusikia la tatu. Niliinuka benchi la tano, mbele ya wote, Dada Clotee akanong'ona "mgonjwa?" nikasema ndiyo.

Nyumbani, Ruby alikuwa dirishani na jua la Aprili usoni.

Nikamwekea Biblia mapajani. Nikaifungua kwenye Zaburi, nikachukua mkono wake nikauweka juu ya zile karatasi. Alizigusa. Vidole vyake vikafuata ile mikunjo ya duara. Akainusa moja.

"Ni zake," akasema.

Nikamwambia. Nilianza na theluji kubwa, kwa mazoea, nikajisahihisha. Nikasema karatasi laini ilikuwepo. Nikasema makusudi. Nikasema Ozella Trice amelala nao wa 15. Nikamwambia pia kuhusu birika na ule wa 3.

"Na mwingine uliopungua?" akasema. Alikuwa amezihesabu kwa vidole.

"Wa saba niliutia kwenye tanuru la kupasha nyumba joto. Siku ile ile. Niliusoma nikauchoma."

Akazilaza karatasi tena kwenye Zaburi. Gari la jirani lilipita. Kisha akasema, "Nyumba hii haijawahi kuingia maji, Vella. Mama alijisifia chumba chake cha chini kikavu mpaka watu wakachoka. Nilijua tangu Februari."

"Mbona hukusema mbele ya Bi Lyle?"

"Niseme nini? Kwamba mdogo wangu ni mwongo? Nilitaka uje mwenyewe. Nimekusikia ukija tangu Februari, polepole kama mtu anayebeba kabati." Akakunja uso. "Nina hasira. Usifikiri kwamba kwa kuwa siimbi pambio sina hasira. Ulimzika mara ya pili."

"Ndiyo."

"Usiseme ndiyo kwa sauti hiyo ya kanisani. Kaa chini."

Nikakaa sakafuni, nina miaka hamsini na mitano, nimevaa nguo nyeusi ya Ijumaa Kuu.

"Uliudhika na ule wa saba kwa sababu ya kofia," akasema.

"Ukurasa ulinisema mimi. Ulimtaja fundi wa kofia. Na ulimdhihaki Mama."

Akacheka. Si cheko zuri. "Lucius alimsomea Mama. Jikoni humo, Mama akikaanga kuku. Mama alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanyamaza, akamwambia Lucius, 'Huyo unayemwona analia chini ya kofia ni mimi.' Lucius akamuuliza, 'Kwa nini, Mama Estelle?' Akasema, 'Wanangu wawili hawasemezani.'"

Miaka kumi na saba nilimtetea Mama dhidi ya mtu ambaye Mama alimpakulia chakula.

"Ozella Trice," akasema baadaye, kama anayezungumza na dirisha. "Alikuwa akinifinya kanisani nikisinzia. Basi Lucius amepata msomaji mkali."

Akaomba nimsomee kuanzia mwanzo. Nikasoma. Ile mistari iliyogeuka wingu kwenye ukurasa wa 3, mitatu aliikumbuka mwenyewe. Miwili imepotea.

Nilipofika kwenye wa saba nikanyamaza. Yeye hakunisaidia. Nikageuza wa nane.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemaliza kofia za urujuani. Nyeupe nilizoletewa zimeondoka kwenda kwa wahitaji, zote zina vijimto vipya, vya karatasi laini. Mama Goode alikuja kuchukua yake ya urujuani, nikamwambia kijimto chake cha zamani kilikuwa na nini. Alifikiri. "Basi ndiyo maana nilikuwa naona mahubiri mafupi," akasema. Kisha akanikazia macho: "Umemwambia Ruby Jean?" Nikasema nimemwambia. "Basi kesho uimbe."

Pasaka, 7 Aprili

Kristo amefufuka. Theluji nyepesi, wakati huu wa mwaka. Niliimba, kidogo. Sikustahili, niliimba.

Jumatatu, 8 Aprili

Bi Lyle alikuja saa nne na maboksi yake ya kijivu. Nilimwambia mlangoni, kabla hajavua viatu, kwamba nilimdanganya. Alisikiliza mpaka mwisho huku theluji ikimyeyukia miguuni. Alipoziona zile kurasa kwenye Zaburi akaweka mkono kifuani, na nilipomwonyesha ule wa zambarau akafumba macho. Hakunifariji. Nilimshukuru kwa hilo.

Alisema wao pia hulainisha karatasi kwa unyevu, lakini polepole sana, siku nyingi, kwenye sanduku lililofungwa, baada ya kujaribu wino kwanza. Alisema toleo la tatu la Nyundo zimejulikana nakala mbili tu duniani. Mimi nilirarua saba. Aliviweka vipande vyote kwenye bahasha, hata vidogo.

Kisha akasema, "Kwa hiyo tuna kurasa kumi na saba. Wa kumi na tano na wa saba hazipo."

Ayodele akasema kutoka dirishani, "Wa saba upo. Muulize mdogo wangu."

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa, na uso ukanichoma mpaka masikioni.

"Unaukumbuka?" Bi Lyle akauliza.

Nikasema naukumbuka.

Alichonga penseli. Nikasimama, sijui kwa nini, kama mtoto anayeitwa kusema aya yake Jumapili ya watoto, nikasema:

Mama zetu wamebeba bustani vichwani,
maua ya hariri yasiyojua mvua,
na chini ya ukingo macho hayafiki
mlango ambako wana wao hutoka
wakinuka hofu ya ng'ombe.
Ewe fundi wa kofia, panua ukingo,
panua kidogo zaidi:
bado namwona mtu akilia.

Na mingine kumi na minne baada ya hiyo. Sikukwama popote. Ayodele alikuwa akitikisa kichwa kukubali, mstari kwa mstari.

Bi Lyle aliandika yote. Kisha akasema kwa upole kwamba inabidi kuandika pia maneno yametoka wapi, na kama nataka angeweza kuandika tu "kwa kumbukumbu ya ndugu".

"Hapana," nikasema. "Andika ulichomwa. Andika na nani, na kwamba ilikuwa makusudi."

Akamtazama Ayodele, asiyeweza kumwona akimtazama.

"Andika anavyosema," Ayodele akasema. "Yeye ni fundi, anajua vipimo vyake."

Aliandika kwa mwandiko mdogo safi, akanigeuzia nisome: Ukurasa wa 7. Nakala ya asili iliteketezwa kwa hasira na Arvella Tibbs, Machi 1979. Maneno haya yamesemwa naye, 8 Aprili 1996, mbele ya dada yake.

Nikamwomba penseli. Baada ya "dada yake" nikaongeza Ayodele, kwa herufi kama za mabango ya kanisani, kubwa kuliko zake.

"Swali la mwisho," Bi Lyle akasema, "kwa ajili ya wasomaji. Uliusoma mara moja tu, miaka kumi na saba iliyopita. Una hakika gani na maneno?"

Nikamwambia kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilisimama nyuma ya kanisa nikitazama kofia kumi na nane zikipita, na kila mara niliurudia wote moyoni, mstari kwa mstari, ili nisimsamehe Lucius.